Kula Bia Ugenini: Sinia, Karai na Muhogo Katika Miji ya Uingereza

Lipo neno moja la Kiswahili ambalo vijana wetu waliozaliwa huku ughaibuni wakilisikia hucheka. Neno lenyewe ni bia. Mzee akisema "leo tule bia", wao hudhani amekosea kitenzi, kwani bia wanayoijua hunywewa. Lakini bia ya mzee si kinywaji. Kula bia ni kula kwa kuchangiana: huyu analeta mchele, yule samaki, wa tatu nazi, na wa nne ambaye siku hiyo hana kitu analeta kuni na mikono yake ya kukuna nazi. Chakula kikiiva, wote wanne wanakizunguka, wala hakuna anayeuliza nani alileta nini. Ni neno hilo hilo lililozaa mbia na ubia, ambayo siku hizi tunayasikia zaidi katika mikataba ya makampuni na miradi ya serikali.

Tumeanza na neno hili kwa sababu jambo lenyewe tunalifanya kila wiki bila ya kulipa jina. Jumamosi jioni, katika miji tunayoishi, marafiki watano au sita wa kwetu hukutana katika mkahawa, wakaagiza sahani nne au tano zikawekwa katikati ya meza, kila mtu akachota, na mwisho wakagombania kulipa. Linaonekana ni jambo dogo lisilo na historia. Sisi tunasema lina historia, na watu wa Afrika Mashariki wamo ndani yake. Katika makala haya tutaitazama Uingereza, kwa kuwa ndiko tulikosoma na ndiko tunakokujua.

Sinia la kwetu na meza ya Paris

Kwetu pwani, tangu Lamu na Mombasa hadi Unguja na Kilwa, chakula cha shughuli huliwa kwenye sinia. Watu wanne au watano huzunguka sinia moja la wali au pilau, na adabu zake tulifundishwa mapema kuliko kusoma na kuandika: nawa mikono, ngoja mkubwa aanze, kula upande wako, usivuke kwenda kwa mwenzako, na kipande kizuri cha nyama kisukume mbele ya mgeni. Jirani zetu Mabohora nao hukaa kuzunguka sinia lao kubwa, watu wanane au zaidi. Kwa hiyo kula pamoja chombo kimoja halikuwa jambo la kabila moja mjini.

Kula nje ya nyumba lilikuwa jambo jingine. Lugha yenyewe inatueleza. Mkahawa ni mahali pa kahawa, yaani pa kukaa na kuzungumza. Hoteli, katika Kiswahili cha mtaani, si mahali pa kulala bali ni pale msafiri au mfanyakazi asiye na mtu mjini anapopata chai, chapati na maharage. Wazee wetu walimwonea huruma mtu aliyekula hotelini kila siku. Walimwona ni mtu aliyekosa jamaa.

Huko Ulaya nako, mkahawa wa aina tunayoijua leo ni wa juzi tu. Ulianza Paris katika miaka ya 1760, na neno lenyewe la Kifaransa, restaurant, lilikuwa jina la supu nzito iliyodhaniwa kumrudishia mgonjwa nguvu. Kabla ya hapo msafiri alikula katika nyumba ya wageni, saa iliyopangwa, meza moja na watu asiowajua, chakula alichopika mwenye nyumba. Mkahawa mpya ulileta mambo matatu: meza yako peke yako, saa unayotaka mwenyewe, na orodha ya vyakula yenye bei mbele ya kila kimoja. Lilikuwa jambo la uhuru, hatukatai. Lakini tangu hapo ilikuwa rahisi kwa kila mtu mezani kuwa na sahani yake na bei yake, na ikawezekana watu wanne kukaa meza moja na kula vyakula vinne visivyokutana.

Mabaharia na majiko

Nani basi aliyeirudisha sahani katikati ya meza katika miji ya Uingereza? Kwa sehemu kubwa ni wageni, na wengi wao waliingilia bandarini.

Wa kwanza anayejulikana kwa jina ni Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna wa mwaka 1759. Mwaka 1810 alifungua Hindoostane Coffee House katika mtaa wa George Street, London, mkahawa wa kwanza wa vyakula vya Kihindi nchini humo kumilikiwa na Mhindi. Mwaka 1812 alifilisika. Alihamia Brighton, akapata sifa kwa bafu zake za mvuke na kukanda viungo, na huko akafariki mwaka 1851. Kibao cha kumkumbuka kiliwekwa London mwaka 2005. Alikuwa ametangulia mno: wateja aliowalenga, Waingereza matajiri waliorudi kutoka India, walikuwa na wapishi wao majumbani.

Waliofaulu baadaye hawakuwa na mtaji wala wateja matajiri. Walikuwa mabaharia wa meli za Kiingereza, waliojulikana kwa jina la lascar, neno linalohusiana na neno letu askari. Wengi walitoka Sylhet, ambayo leo imo Bangladesh, na kazi yao ilikuwa chini kabisa ya meli, kulisha makaa kwenye tanuri za boila. Sisi wahandisi tuliosoma habari za boila darasani tunaweza kukisia joto la chumba kile katika Bahari ya Sham. Haishangazi kwamba baadhi yao, meli ilipotia nanga London, waliteremka na hawakurudi.

Kwanza walifanya kazi za kuosha vyombo na kupika katika mikahawa ya watu wengine. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, katika mitaa iliyobomolewa na mabomu, baadhi yao walinunua kwa bei nafuu vijiduka vya samaki na chipsi. Hawakuviondoa samaki na chipsi. Waliongeza mchuzi na wali pembeni, na wakaacha milango wazi hadi usiku wa manane. Waingereza waliotoka kwenye baa walikuta taa inawaka na chakula ni moto. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mikahawa ambayo Waingereza kwa miongo waliiita ya Kihindi kwa wingi wake iliendeshwa na watu wa Sylhet, na mwaka 2001 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Robin Cook, alisimama na kukitaja chicken tikka masala kuwa chakula cha taifa lake.

Mlango uliofungwa

Tusidhani kwamba mgeni mweusi au wa rangi ya kunde aliweza siku zote kuingia popote na marafiki zake akaketi. Mwaka 1943 Learie Constantine, mchezaji maarufu wa kriketi kutoka Trinidad, alikataliwa kulala katika hoteli moja ya London pamoja na mkewe na binti yake, ingawa alikuwa amekwisha kuweka nafasi. Alikwenda mahakamani na mwaka 1944 akashinda. Fidia aliyopewa ilikuwa gini tano. Wakati huo hapakuwa na sheria iliyokataza ubaguzi wenyewe. Kesi yake ilisimama juu ya wajibu wa zamani wa mwenye nyumba ya wageni kumpokea msafiri.

Ilibidi kungoja hadi mwaka 1965 ndipo Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya mahusiano ya rangi, ambayo kwa mara ya kwanza ilipiga marufuku kumnyima mtu huduma katika mikahawa, hoteli, baa na sehemu nyingine za umma kwa sababu ya rangi au asili yake. Wazee wetu waliokuja kusoma kabla ya hapo walijua ni mlango gani wa kusukuma na ni upi wa kupita mbali. Mkahawa wa baharia wa Sylhet, au wa Mchina, ulikuwa mlango wa kusukuma. Hilo ni jambo la kukumbukwa na sisi tunaoingia leo popote bila ya kufikiri.

Muhogo unapanda ndege

Sasa tunawafikia watu wa kwetu. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalitawanya watu wengi, wengine wakaenda Oman na Dubai, wengine Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wahindi wengi wa Kenya wenye pasi za Kiingereza walianza kuhama, na mapema mwaka 1968 serikali ya Uingereza ikapitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku tisini, na watu wapatao 28,000 wakaingia Uingereza. Septemba ya mwaka huo huo, baraza la mji wa Leicester lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwashauri wasije huko, kwamba mji umejaa. Walikwenda. Barabara ya Belgrave ya mji huo ikawa mtaa wa vito, sari na vyakula ambao leo mji wenyewe unajivunia.

Watu hawa walihama na mabegi machache, lakini jiko walilihamisha kamili, na jiko lao lilikuwa limekaa Afrika Mashariki kwa vizazi. Familia ya Anand, iliyokuwa na mkahawa Nairobi tangu miaka ya 1950, ilifungua mkahawa wa Brilliant huko Southall, magharibi ya London, mwaka 1975. Katika Southall, Wembley, Harrow na Leicester, menyu zilianza kuonyesha vyakula ambavyo Mhindi aliyetoka moja kwa moja Delhi hakuvijua: mishkaki, chipsi za masala, na kuku paka, ambaye ni kuku wetu wa kupaka mwenye tui la nazi.

Na juu ya zote, mogo. Msomaji aliyepita Wembley amewahi kuiona: mogo ya kukaanga, mogo ya pilipili. Vijana wengi wa Kiingereza, na hata wa Kihindi, huliona ni neno la Kigujarati. Ni muhogo wetu, aliyepoteza silabi moja njiani. Zao hili lilitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakalileta Afrika, Waswahili wakalipa jina, Wagujarati wa Mombasa, Kampala na Dar es Salaam wakalijifunza jina hilo sokoni na kwa wapishi wao, kisha likapanda ndege kwenda London. Sisi tulichukua kwao chapati, bajia, achari na kachumbari. Wao walichukua kwetu muhogo na kuku. Deni limelipana.

Tunasisitiza jambo moja ambalo husahauliwa. Nyuma ya jiko lile walikuwapo pia wapishi wa Kiafrika wa Nairobi, Kampala na Unguja, waliotia mkono wao katika vyakula hivi kwa miaka mingi na ambao wengi hawakupanda ndege. Majina yao hayamo kwenye menyu yoyote. Neno mogo ndilo alama yao iliyobakia.

Karai moja, mkate mmoja

Sisi tuliokuja kusoma uhandisi Birmingham mwanzoni mwa miaka ya 1990 tuliyakuta mambo haya yamekwisha kukomaa. Katika mitaa ya Sparkbrook, Sparkhill na Balsall Heath, Wapakistani, wengi wao wenye asili ya Kashmir, walikuwa wameanzisha katika miaka ya 1970 namna ya upishi inayoitwa balti. Siri yake ni ya kihandisi. Karai ni ya chuma chembamba kilichofinyangwa kwa mashine, chenye masikio mawili, inashika moto upesi. Nyama hukaangwa kwa moto mkali dakika chache, na karai ile ile inaletwa mezani ikiwa bado inatokota. Hakuna wali wa lazima. Unakula kwa mkate wa naan, na mkubwa wake unatosha kufunika nusu ya meza.

Kwa wanafunzi waliolelewa kwenye sinia, hapakuhitajika maelezo. Tulikaa watu sita kutoka Unguja, Mombasa, Tanga na Bujumbura, tukaagiza karai tatu na mikate miwili ya familia, tukala kwa mikono, kila mtu akimega upande wake. Meza za jirani Waingereza walikuwa wakiagiza kila mtu karai yake, na mara kwa mara mmoja wao alitugeukia kuuliza kama inaruhusiwa kuchangia. Baada ya muda na wao wakaanza.

Wenzetu waliokwenda Muscat hawakupata shida hiyo, kwani Oman sinia liko nyumbani kwake, na katika mikahawa mingi ya kienyeji kuna vyumba vya mkeka ambamo kundi hukaa chini kulizunguka. Huko mishkaki na mandazi yanajulikana kwa majina haya haya, na aliyetoka Unguja huagiza kwa Kiswahili akaeleweka.

Hesabu mbili

Tunakuja kwenye jambo linalotuuma. Katika kundi letu la Birmingham alikuwapo mwenzetu mmoja ambaye msaada wake wa masomo ulikatika mwaka wa pili. Alikuja kila Ijumaa. Bili ilipoletwa, aliyekuwa na kumi alitoa kumi, mwenye tano alitoa tano, na yeye alitoa alichonacho, au hakutoa. Hakuna aliyesema neno. Siku nyingine alitupikia maharage ya nazi kwenye bweni, nasi tukala. Yeye ndiye yule mleta kuni wa kwenye bia ya wazee. Alimaliza shahada yake.

Leo vijana wana njia yao. Chakula kikiisha, mmoja anatoa simu, anapiga picha bili, na programu inamhesabia kila mtu alichokula: huyu soda mbili, yule kebabu moja na nusu ya mkate. Kwa mhandisi ni hesabu nzuri, haina kosa hata la senti. Lakini zipo hesabu mbili hapa, si moja. Ya kwanza inauliza: umekula nini? Ya pili inauliza: tuko wangapi, na nani safari hii hana? Hesabu ya kwanza inajibika kwa simu. Ya pili inahitaji watu wanaojuana.

Na wasio nacho bado tunao. Katika jumuiya zetu hapa Uingereza wamo ndugu wanaongoja miezi na miaka majibu ya maombi yao ya hifadhi, na ambao kwa muda huo kwa kawaida hawaruhusiwi kufanya kazi. Wamo wanafunzi ambao ada imepanda na shilingi imeshuka. Mtu wa namna hiyo akijua kwamba mwisho wa chakula atapelekewa ujumbe wa deni lake kwenye simu, hatakuja. Atasema amekwisha kula, au ana udhuru. Mwezi wa pili hamtamwalika tena. Hivyo ndivyo mtu anavyopotea katikati ya mji wenye jamaa zake.

Wengine watasema kuchangia sahani ni uchafu, na ugonjwa wa korona umetufundisha. Hoja hiyo ina uzito. Tangu Machi 2020, serikali ilipoifunga mikahawa yote, tumezika wazee, na kwa muda mrefu hata nyumbani sinia liliwekwa kando. Lakini swali hilo si jipya. Zaidi ya miaka mia iliyopita Dakta Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesomea udaktari Cambridge na kupambana na tauni ya Manchuria ya mwaka 1910 na 1911, alilitazama tatizo la Wachina kula vyombo vya pamoja.  Alipendekeza sinia linalozunguka katikati ya meza, na kila chakula kiwe na kijiko chake cha kugawia. Ugonjwa ulipata jibu la ufundi, na watu wakaendelea kukaa pamoja. Nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo.

Kabla milango haijafungwa

Mikahawa mingi ya zamani tuliyoitaja inafungwa. Kodi za majengo zimepanda, wapishi hawapatikani kwa urahisi, na watoto wa wenye mikahawa wamesoma wakawa madaktari na wahasibu, jambo ambalo ndilo baba zao walilitaka walipokuwa wakisimama mbele ya jiko hadi saa nane za usiku. Mahali ambapo kizazi kizima cha wanafunzi wa Afrika Mashariki walikutana, wakachumbiana, wakapanga safari za kurudi nyumbani, panageuzwa duka la simu, na hapabaki hata picha.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza, msomaji mwenye menyu ya zamani, picha ya kundi lake mezani, au kumbukumbu ya mkahawa wa Leicester, Southall, Cardiff au kwingineko ambao watu wa kwetu walikula au waliumiliki, aiandike na kuituma kwa wahariri. Aandike jina la mtaa, mwaka, na chakula kilichoagizwa. Mzee mmoja akiondoka, mtaa mzima unaondoka naye.

La pili ni jepesi zaidi. Jumamosi ijayo mtakapokutana, agizeni sahani ziwekwe katikati, na mmoja wenu, mwenye uwezo, aichukue bili mapema kabla simu hazijatoka mifukoni. Kisha mweleze kijana aliye karibu naye kwamba hii inaitwa kula bia, na kwamba ile mogo anayoichovya kwenye pilipili ni muhogo, na jina lake ni la kwetu.